Ndugu na Cheti: Familia Mbele ya Rekodi ya Makosa ya Jinai

UTANGULIZI

Katika masomo ya falsafa ya jamii muhula uliopita tuliulizwa swali linaloonekana jepesi: familia ni nini? Nilidhani nina jibu tayari. Likizo ya Desemba ilipofika nikarudi nyumbani, na swali lilelile likanikuta huko likiwa na sura nyingine.

Mimi na ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, tulihitaji karatasi ya aina moja: cheti cha tabia njema kinachotolewa hapa Kenya na Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI). Mimi nilikihitaji kwa sababu katika mwaka wa uchungaji nitafundisha watoto, na seminari haimtumi frateri kwa watoto bila cheti hicho. Yeye alikihitaji kwa sababu shule moja ya msingi ilikuwa imemwahidi kazi ya kutunza stoo. Tulijaza maombi kwenye mtandao wa eCitizen, kila mmoja akalipa shilingi 1,050, tukapanda matatu moja hadi kituo cha Huduma, tukapakwa wino kidole baada ya kidole. Jina letu la ukoo ni moja, na utotoni tulilala kitanda kimoja. Cheti changu kilikuja hakina kosa. Chake kilikuja na hatia moja: akiwa na miaka 19 aliiba pesa katika duka la vifaa vya ujenzi alikokuwa ameajiriwa, akafungwa miezi sita.

Jioni hiyo kikao cha familia kiliitwa. "Frateri," baba mdogo aliniambia, "wewe ni mtu wa Kanisa. Andika barua useme mtoto wetu hana doa. Nani atauliza zaidi?" Mjomba mmoja akaongeza kwamba anamjua mtu mjini anayeweza kututengenezea cheti kingine. Wote walinitazama. Nilijibu kwamba nitafikiri. Makala haya ndiyo matokeo ya kufikiri huko.

1. MANENO TUNAYOYATUMIA

Mwanafalsafa huanza na maneno. Neno "familia" asili yake ni Kilatini. Kwa Warumi wa kale lilimaanisha nyumba nzima iliyokuwa chini ya mamlaka ya baba: mke, watoto na watumwa pia. Neno la karibu nalo, *famulus*, lilimaanisha mtumishi. Basi tangu mwanzo neno hilo lilieleza nani yuko chini ya nani.

Kiswahili kina maneno yake ya zamani: ndugu, jamaa, ukoo, mlango. Tukichukua neno "ndugu", tunaona kwamba linamhusu aliyetoka tumbo moja nami, linamhusu mtoto wa baba mdogo na wa mama mkubwa, na kanisani tunamwita hivyo hata mtu ambaye hatujawahi kula naye. Neno "binamu" tunalo, lakini nyumbani kwetu ukimwita mtoto wa baba mdogo binamu, wazee watakuuliza nani amekufundisha kuwagawa. Kwao familia ni watu ambao msiba wao ni msiba wako na aibu yao ni aibu yako. Ndiyo maana wahenga walisema: mchuma janga hula na wa kwao.

Aristotle, katika kitabu cha kwanza cha *Siasa*, anasema kwamba nyumba ni jumuiya ya kwanza, iliyozaliwa kutokana na mahitaji ya kila siku. Katika kitabu cha pili anampinga mwalimu wake Plato, aliyependekeza katika *Jamhuri* kwamba walinzi wa mji wawe na watoto kwa pamoja, bila mzazi kumjua mwanawe. Aristotle anajibu kwamba kitu cha wengi hutunzwa kidogo, na kwamba ni afadhali kuwa binamu wa kweli wa mtu mmoja kuliko kuwa mwana wa watu wote kwa jina tu. Niliposoma hoja hiyo nilimfikiria ndugu yangu. Serikali ina alama za vidole vyake vyote kumi. Lakini aliyemtembelea gerezani kila mwezi akiwa na sabuni na sukari ni baba mdogo.

Kanisa nalo limeipa familia heshima ya pekee. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika *Lumen Gentium* (1964), uliiita Kanisa la nyumbani. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994, na waraka *Ecclesia in Africa* uliofuata mwaka 1995, zilichagua sura ya Kanisa kama Familia ya Mungu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 45, inaitambua familia kuwa kiini cha asili na cha msingi cha jamii.

Kutokana na hayo napendekeza maana hii ya kufanyia kazi: familia ni jumuiya inayompokea mtu kabla hajafanya lolote, na ambayo haiachi kumhesabu kuwa wake baada ya kufanya lolote. Mwajiri hayuko hivyo, wala hatumdai awe hivyo. Yeye humpokea mtu kwa kazi aliyoifanya na kazi anayoweza kuifanya. Hapo ndipo familia na cheti hukutana, na mara nyingi hugongana.

2. CHETI KINASEMA NINI, NA HAKISEMI NINI

Tusiidharau karatasi hii. Inajibu swali la kweli: je, alama hizi za vidole zimeandikwa dhidi ya hatia yoyote? Mzazi anayemwacha mtoto wake shuleni asubuhi ana haki ya kujua kwamba swali hilo liliulizwa. Kanisa lenyewe limejifunza jambo hili kwa machozi ya watoto walioumizwa. Mwongozo wa malezi ya mapadre wa mwaka 2016, *Ratio Fundamentalis*, katika namba 202, unataka uangalifu mkubwa kabisa ili asipokelewe seminarini mtu aliyehusika kwa namna yoyote na makosa dhidi ya watoto. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 241, inataka pia kwamba anayetoka seminari nyingine aje na ushuhuda wa mkubwa wake, hasa kuhusu sababu ya kuondoka. Sisi mafrateri basi tusilalamike kwamba rekodi zetu zinafunguliwa.

Hata hivyo jina la karatasi hii linadai zaidi ya kile inachojua. Inaitwa cheti cha tabia njema. Kwa Aristotle, katika *Maadili ya Nikomako*, tabia ni mazoea yaliyojengwa kwa matendo yaliyorudiwa mara nyingi. Mtu huwa mwadilifu kwa kutenda haki tena na tena. Polisi hawapimi mazoea. Wanaandika tendo lililofika mahakamani. Tendo moja si tabia, na kutokuwa na tendo lililoandikwa si fadhila.

Nitatoa ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Nilipokuwa darasa la sita niliiba shilingi 200 za nyanya. Aliyechapwa ni ndugu yangu huyu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na jina la utundu. Hakunitaja. Mimi pia sikujitaja. Cheti changu safi hakilijui jambo hilo, na cheti chake chenye hatia hakiujui ukimya wake wa siku ile. Nyanya alikuja kujua baadaye, akatusamehe wote wawili kwa siku moja.

Kuna pia kumbukumbu ya kihistoria ambayo sisi Wakenya tusiisahau. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole na maelezo ya waajiri wake, ambayo wengi waliivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amemwachilia, mfanyakazi aliyeondoka alihesabiwa mtoro. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyomfanya Harry Thuku akusanye watu Nairobi kabla ya kukamatwa kwake mwezi Machi 1922. Cheti cha leo si kipande. Kinaombwa na raia huru, na kinaweza kuwalinda wanyonge. Lakini wazee wetu walijua tayari maana ya kuishi chini ya karatasi iliyoandikwa na wengine, nasi tunapoiomba karatasi ya namna hiyo tunapaswa kujiuliza inatumika kwa haki gani.

3. MAKOSA MAWILI YA FAMILIA

Rekodi inapotokea, familia hujaribiwa kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kuficha. Hii ndiyo iliyokuwa mezani kwetu. Wahenga walisema: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Baba mdogo alielewa kwamba kufa pamoja ni kudanganya pamoja. Lakini mwangalie mtu ambaye hakuwa kikaoni: mkuu wa shule, ambaye angempa ufunguo wa stoo yenye chakula cha watoto. Barua yangu ya uongo ingemwibia yeye haki ya kuamua. Ingemwibia hata ndugu yangu, kwa maana angeingia kazini akiogopa kila siku kwamba leo ndiyo siku ya kujulikana. Na cheti cha kughushi ni kosa jingine la jinai. Tungemponya jeraha moja kwa kumchoma kisu kipya.

Ya pili ni kutupa. Plato anatusimulia kuhusu Euthyphro, aliyemkuta Socrates nje ya mahakama akiwa amekuja kumshtaki baba yake mzazi. Kibarua wao alikuwa amemuua mtumwa wa nyumbani kwa ulevi. Baba akamfunga kibarua na kumtupa shimoni huku akisubiri ushauri kutoka Athens, na kibarua akafa humo. Euthyphro anasema si kitu kama aliyekufa ni ndugu au mgeni. Kitu ni kama ameuawa kwa haki. Yuko sahihi kwamba uhai wa kibarua una thamani, na sisi tuliotaka kumsahau mkuu wa shule tungefaa kumsikiliza. Kinachomshtua Socrates ni jinsi Euthyphro anavyolifanya jambo hili bila kutetemeka, kana kwamba baba ni jalada tu. Kwetu pia wapo: mashangazi wawili hawakuja kwenye kikao, na mmoja wao bado huwaambia watoto wasikae karibu na "yule mwizi". Ni miaka minane sasa.

Anayeficha na anayetupa wana kosa moja la pamoja. Wote wawili wameamini kwamba karatasi ndiyo mtu: huyu anaiogopa hata aibadilishe, yule anaiamini hata amfukuze ndugu yake.

4. NANI AFUNGUE REKODI, NA KWA SABABU GANI?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika *Summa Theologiae* (sehemu ya pili ya pili, swali la 73), anazungumzia dhambi ya kusengenya, yaani kumharibia mtu jina bila yeye kuwapo. Anaiweka juu ya wizi kwa uzito, kwa sababu jina jema ni bora kuliko mali. Anafundisha pia kwamba mtu akisema jambo linalopunguza sifa ya mwingine kwa ajili ya jambo jema lililo la lazima, akizingatia mazingira yanayostahili, hajasengenya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inafuata njia hiyo: kufunua makosa ya mtu kwa wasioyajua bila sababu halali ni dhambi, hata kama makosa hayo ni ya kweli.

Kipimo basi si ukweli peke yake. Ni ukweli pamoja na sababu. Sheria za nchi yetu zina fikra iliyo karibu na hiyo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinamlinda mtu asidaiwe wala asifunuliwe habari za familia yake na mambo yake ya binafsi pasipo ulazima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka habari za mtu zikusanywe kwa lengo lililotajwa wazi na zisizidi lengo hilo. Kwa mwajiri Mkristo, awe mwenye duka, mkuu wa shule au paroko anayetafuta mpishi, natoa maswali manne yanayotokana na kipimo hicho:

a) Je, kosa lililoandikwa lina uhusiano na kazi yenyewe? Aliyemdhuru mtoto asikaribishwe kufanya kazi na watoto, na hapa huruma kwa mmoja isiwe hatari kwa wengi. Lakini aliyepigana baa akiwa kijana kwa nini anyimwe kazi ya kulima?

b) Ni muda gani umepita, na ameishije tangu hapo? Uingereza ilitunga sheria mwaka 1974 inayokubali kwamba hatia nyingi, muda fulani ukishapita, zihesabiwe kuwa zimekwisha, isipokuwa kwa kazi kama zile za kuwahudumia watoto. Wahenga wetu walifika huko mapema: kosa moja haliachi mke.

c) Je, umemwona mtu kabla ya kuiona karatasi? Jimbo la Hawaii, Marekani, tangu mwaka 1998 limemtaka mwajiri asiulize rekodi ya hatia mpaka awe amemwahidi mwombaji kazi. Hapo mwombaji husikilizwa kwanza kama fundi, mpishi au karani.

d) Ukishaisoma, nani mwingine ataijua? Karatasi iliyofunguliwa ofisini ikifika kwenye kijiwe cha chai imeshageuka kuwa masengenyo.

5. BARUA YA PAULO

Nilikuwa bado sijapata la kumjibu baba mdogo niliposoma tena Waraka kwa Filemoni, ule mfupi kuliko nyaraka zote za Paulo. Paulo yuko kifungoni. Anamwandikia Filemoni kuhusu Onesimo, mtumwa wake aliyetengana naye, na ambaye huenda alimkosea au ana deni lake. Kwa lugha ya leo, ni barua ya mdhamini kwa mwajiri kuhusu mfanyakazi mwenye rekodi, na mdhamini mwenyewe ni mfungwa.

Tazama mambo matatu anayoyafanya Paulo. Kwanza, hafichi. Anakiri kwamba Onesimo zamani hakumfaa Filemoni, akicheza na jina la Onesimo ambalo maana yake ni "anayefaa". Pili, anamfanya kuwa wa familia: anamwita mwanawe aliyemzaa akiwa kifungoni, na anamwomba Filemoni ampokee kuwa zaidi ya mtumwa, yaani ndugu mpendwa. Tatu, anaubeba mzigo mwenyewe: kama kuna deni, liandikwe kwake, na anaithibitisha ahadi hiyo kwa mkono wake. Tena hamlazimishi Filemoni, anamwachia aamue kwa hiari.

Hapo methali yetu inapata maana yake kamili. Mchuma janga hula na wa kwao: wa kwao hawasemi janga halipo, wanakaa nalo mezani. Familia si wale wanaoapa kwamba hukukosa. Ni wale wanaoweza kusema ulichokosa, na bado wakatia sahihi zao chini ya jina lako.

HITIMISHO

Nilirudi kwa baba mdogo nikamwambia kwamba sitaandika barua aliyoitaka. Nikaandika nyingine, kwa jina langu, bila muhuri wa seminari wala wa parokia. Ilisema kwamba mwandishi ni ndugu wa mwombaji, hivyo msomaji aipime akijua hilo. Kwamba mwombaji aliiba akiwa na miaka 19 na alitumikia kifungo chake. Kwamba tangu atoke amefanya vibarua vya ujenzi na amemlipa mwenye duka pesa zote kidogo kidogo. Na kwamba kitu kikipotea mikononi mwake, familia iulizwe. Nilimwomba ndugu yangu aisome kwanza, kwa kuwa rekodi ni yake na siyo yangu kuitangaza. Alisoma mara mbili, akasema, "Peleka." Nami nimemwomba ruhusa ya kuandika makala haya pia.

Baba mdogo hakutia sahihi siku hiyo. Mkuu wa shule alitushukuru kwa ukweli, akasema hawezi kumpa stoo. Sikumlaumu, alikuwa na watoto wa kuwafikiria. Kwa wiki kadhaa baba mdogo hakupokea simu zangu. Baadaye ndugu yangu aliipeleka barua hiyohiyo kwa mwenye kinu cha kusaga mahindi. Mzee huyo aliisoma, akauliza, "Na baba yako mzazi yuko wapi hapa?" Ndugu yangu akarudi nyumbani na barua. Baba mdogo alikaa nayo usiku mzima. Asubuhi akatia sahihi chini ya jina langu. Leo ndugu yangu ana mwezi wa pili pale kinuni. Pesa bado anashika mwenye kinu mwenyewe, na ndugu yangu anasema hata yeye angefanya hivyo.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika familia yetu, je, kuna mtu ambaye bado tunamwita kwa jina la kosa lake la zamani?
2. Tumewahi kumficha ndugu kwa namna iliyomdhuru mtu mwingine? Tungefanya nini tofauti?
3. Jumuiya yetu ikiombwa kumdhamini mtu aliyetoka gerezani, tungeandika nini cha kweli juu yake, na nani kati yetu angetia sahihi?